“p16 chanya” kwenye karatasi ya majibu: wasomaji wa Kigoma wanauliza

Barua nne za safari hii zimetoka mkoa wa Kigoma, na zote zinahusu mabadiliko ya mlango wa kizazi yanayotangulia saratani pamoja na protini ambazo maabara huzitafuta ili kuyatambua. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa kuwa majibu ya nyingine yanaitegemea.

Swali: Daktari, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 36, naishi Ujiji na biashara yangu ni dagaa. Nilipopimwa mlango wa kizazi kwa siki niliambiwa kuna doa jeupe, nikachukuliwa kinyama, nacho kikapelekwa maabara Dar es Salaam. Karatasi ya majibu imeandikwa “CIN 2, p16 chanya”. Muuguzi alinieleza kwamba nahitaji tiba, lakini foleni ilikuwa ndefu na hiyo p16 sikuielewa. Wifi yangu anasema chanya maana yake tayari nina saratani. Shangazi anasema nisikubali kuguswa, kwa sababu mambo haya hupona yenyewe. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nianze na wifi: karatasi hiyo haisemi kwamba una saratani. CIN ni jina la mabadiliko ya seli yanayoweza kuitangulia saratani, nayo hupangwa katika ngazi tatu kwa kuangalia ni sehemu gani ya unene wa utando unaofunika mlango wa kizazi imejaa seli zisizo za kawaida. Katika CIN 1 seli hizo ziko katika theluthi ya chini tu, katika CIN 2 zimefika theluthi mbili, na katika CIN 3 zimeenea karibu unene wote. Katika ngazi zote hizo bado zimo ndani ya utando, hazijapenya kwenda chini. Saratani huhesabiwa kuwa imeanza pale zinapopenya na kuingia kwenye nyama ya ndani, ambako kuna mishipa ya damu na ya limfu inayoweza kuzisafirisha.

Sasa p16. Hii ni protini inayotengenezwa na seli zetu wenyewe, wala si sehemu ya kirusi, na kazi yake ni kuizuia seli isigawanyike ovyo. Msomaji makini atashangaa: ikiwa ni protini ya kuzuia, kwa nini ionekane tele katika seli zinazoelekea kuharibika, badala ya kukosekana? Jibu liko kwenye kirusi cha HPV, ambacho ndicho chanzo cha karibu saratani zote za mlango wa kizazi. Aina mbili tu za kirusi hicho, ya 16 na ya 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo duniani. Kirusi kinapokaa muda mrefu ndani ya seli huzalisha protini zake mbili ambazo wataalamu wamezipa majina mafupi ya E6 na E7. E7 huishambulia protini yetu iitwayo Rb, ambayo ndiyo inayoizuia seli isianze kunakili vinasaba vyake kabla ya wakati. Katika hali ya kawaida p16 hufanya kazi yake kwa kupitia hiyo Rb, na Rb nayo huhakikisha p16 haizalishwi kupita kiasi. Rb inapoharibiwa na E7, seli huendelea kuzalisha p16 kwa wingi, lakini p16 hiyo haina tena mahali pa kushika. Mfikirie dereva wa basi anayeteremka milima ya kuelekea Kasulu huku mfumo wake wa breki umekatika: amekanyaga pedali mpaka mwisho, na gari linazidi kushika kasi. Mtaalamu anayeziona seli zimejaa p16 na bado zinagawanyika hutambua kwamba mfumo uliokatika ni ule wa Rb, na kwamba aliyeukata, kwa mlango wa kizazi, karibu kila mara ni HPV.

E6 nayo ina madhara yake. Huifanya seli iiteketeze p53, protini inayoisimamisha seli yenye vinasaba vilivyoharibika ili ijirekebishe, au ife ikishindwa kujirekebisha. Bila p53, makosa hurithishwa kutoka mgawanyiko mmoja hadi mwingine na kuzidi kurundikana. Hapo ndipo unapotoka ule muda mrefu unaosikika katika mafunzo ya afya, kwamba kutoka maambukizi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20, na kwa mwanamke mwenye kinga iliyodhoofika, kwa mfano mwenye VVU ambaye hajapata tiba, miaka 5 hadi 10.

Umeniuliza pia, kwa namna fulani, hao wa maabara walifanya nini na kinyama chako. Kinyama hulowekwa kwenye formalini, kikazungushiwa nta, kikakatwa vipande vyembamba sana, vyenye unene wa sehemu chache tu kati ya elfu moja za milimita, kisha kipande kimoja huwekwa juu ya kioo na kutiwa kingamwili ambayo hunata kwenye p16 peke yake. Palipo na p16 hugeuka rangi ya kahawia, na seli nyingine hubaki na rangi ya buluu. Si kila ukahawia ni chanya: madoa ya hapa na pale, seli moja moja, huhesabiwa kuwa hasi. Chanya ni kahawia nzito isiyokatika, inayoanzia tabaka la chini kabisa na kupanda juu, ambapo kiini cha seli na sehemu inayokizunguka vyote vimekolea.

Sababu ya kufanya hivyo ni kwamba CIN 2 ndiyo ngazi inayowagombanisha zaidi wataalamu wa patholojia, yaani wale wanaosoma vinyama kwa hadubini. Kioo kilekile, mmoja atasema ni CIN 1, mwingine CIN 2, na wa tatu atasema ni utando uliochubuka ukapona, au utando uliokonda kwa kukoma hedhi, ambao kwa macho hufanana na mabadiliko mabaya. Mwaka 2012 jopo la wataalamu nchini Marekani lilipendekeza kwamba mtaalamu anayefikiria CIN 2 atumie p16 kuamua: ikiwa chanya, mabadiliko hayo yawekwe kwenye kundi la juu pamoja na CIN 3, ikiwa hasi, yashushwe. Kwako wewe, basi, neno “chanya” linathibitisha kwamba CIN 2 iliyoandikwa pale ni ya kweli. Haliongezi ugonjwa mwingine juu yake.

Tuje kwa shangazi, ambaye hajasema uongo. Uchambuzi wa tafiti 36 uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya wanawake wenye CIN 2 waliofuatiliwa bila kutibiwa, karibu nusu walipona wenyewe ndani ya miaka 2, na takriban asilimia 18 walisogea hadi CIN 3 au zaidi; waliobaki hali yao haikubadilika. Tatizo ni kwamba wanawake hao walikuwa wakiitwa na kuangaliwa tena kwa hadubini ya mlango wa kizazi kila baada ya miezi michache. Na p16, pamoja na sifa zake zote, haimwambii daktari wewe uko katika nusu ipi. Inaonyesha kile ambacho kirusi kinafanya ndani ya seli zako leo. Ziko CIN 1 nyingi zenye p16 chanya ambazo hutoweka bila tiba, na hiyo ndiyo hoja ninayowajibu wale wanaoiuza p16 kama kipimo cha utabiri.

Kungoja bila kufuatiliwa kuna historia yake, na si nzuri. Katika Hospitali ya National Women's ya Auckland, New Zealand, daktari mmoja aliamini kwamba CIN 3 haigeuki saratani, akawaacha wanawake wengi bila tiba kamili kuanzia miaka ya 1960. Jambo hilo liliibua uchunguzi rasmi wa serikali mwaka 1987, na kumbukumbu za wanawake hao zilipochambuliwa upya na kuchapishwa mwaka 2008, ilionekana kwamba katika muda wa miaka 30 takriban asilimia 31 ya wasiotibiwa ipasavyo walipata saratani, ilhali kwa waliotibiwa vizuri haikufika hata asilimia 1. Wewe una CIN 2, si CIN 3, lakini p16 yako imekuweka kwenye kundi linalotibiwa pamoja nayo.

Ushauri wangu ni kwamba urudi ukatibiwe. Ikiwa doa lote linaonekana na halijaingia kwenye mfereji wa mlango wa kizazi, tiba mgando (kuligandisha doa kwa baridi kali) au tiba joto (kuliunguza kwa kifaa cha moto) hutosha, na utarudi nyumbani siku hiyohiyo. Ikiwa limeingia ndani au ni kubwa, sehemu hiyo huondolewa kwa waya wa umeme, chini ya ganzi. Utatokwa na majimaji kwa wiki kadhaa, hasa baada ya tiba mgando, na utashauriwa usishiriki tendo la ndoa kwa takriban mwezi mmoja. Mwelezeni mume mapema ili hilo lisilete ugomvi. Baada ya miezi 12 urudi kupimwa. Na kama hujui hali yako ya VVU, pima sasa, kwa sababu mwanamke mwenye VVU ana uwezekano wa takriban mara sita zaidi wa kupata saratani hii na ratiba yake ya kupimwa ni tofauti.

Swali: Mke wangu ana miaka 41 na anakataa kupimwa mlango wa kizazi kwa aibu. Hapa Kasulu nimeambiwa zipo maabara zinazopima protini za saratani kwenye damu. Nikimpeleka huko, si tutakuwa tumemaliza kazi bila kumsumbua?

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na fedha hiyo usiitoe. Protini nilizozieleza hapo juu zimo ndani ya seli, katika utando ambao wenyewe hauna mishipa ya damu. Wakati mabadiliko yangali ya awali, yaani wakati ambapo kuyajua kuna faida kubwa kuliko wakati wowote, hakuna protini inayomwagika kwenye damu kwa kiasi cha kutegemewa. Kinachopimwa huko kwa kawaida ni protini iitwayo SCC, iliyoelezwa na watafiti wa Japani mwaka 1977. Ina kazi yake ya heshima: mgonjwa ambaye tayari ana saratani, na ambaye kiwango chake kilikuwa juu kabla ya tiba, anaweza kufuatiliwa kwa hiyo ili kuona kama ugonjwa unarudi. Kwa mtu asiye na dalili haifai. Inaweza kuwa ya kawaida ilhali mwanamke ana CIN 3, na inaweza kupanda kwa ugonjwa wa ngozi au wa figo usiohusiana kabisa na mlango wa kizazi. Jibu zuri la namna hiyo lina hatari kuliko kutopima, maana mkeo atalishika kama ushahidi kwamba hana haja ya kwenda kwingine.

Aibu yake ni ya kweli na sitaki kuidharau. Ulizeni kituoni kama kuna kipimo cha HPV ambacho mwanamke hujichukulia sampuli mwenyewe: hupewa kijiti chenye pamba au brashi laini, huingia faraghani, hukiingiza ukeni, hukizungusha kidogo na kukirudisha kwenye kichupa chake. Kipimo hicho hutafuta vinasaba vya kirusi, si protini, na Shirika la Afya Duniani lilikipa kipaumbele katika mwongozo wake wa mwaka 2021, kwamba wanawake wapimwe kuanzia umri wa miaka 30, kila baada ya miaka 5 hadi 10, na wenye VVU kuanzia miaka 25, kila baada ya miaka 3 hadi 5. Akionekana hana kirusi, hatahitaji kulala kitandani kukaguliwa. Akionekana nacho, atahitaji, na huo ndio ukweli ambao ni vizuri aujue tangu mwanzo. Kama kipimo hicho hakijafika kwenu, aombe kuhudumiwa na muuguzi wa kike. Ombi hilo ni la kawaida kabisa.

Ila mambo mawili hayangoji kipimo chochote cha hiari: damu baada ya tendo la ndoa, na damu baada ya hedhi kukoma. Akiwa na mojawapo, au uchafu wenye harufu kali usiokoma, aende hospitali wiki hiihii.

Swali: Binti yangu wa darasa la sita alichanjwa HPV shuleni hapa Kibondo. Mimi nimegunduliwa CIN 1. Je, nikichanjwa chanjo hiyohiyo nitapona?

Jibu: Haitakuponya, mama. Chanjo hiyo huufundisha mwili kuitambua protini ya L1, ambayo ni ganda la nje la kirusi, ili kirusi kikija kizuiwe kabla ya kuingia kwenye seli. Seli ambazo zimekwisha kubadilika hazihitaji ganda. Zinaendeshwa na E6 na E7, ambazo kingamwili za chanjo hii hazizigusi. Zipo chanjo za tiba zinazolenga E6 na E7, lakini bado ziko katika utafiti. CIN 1 mara nyingi huondoka yenyewe, kwa hiyo kubali ratiba ya kurudi uliyopewa na uifuate. Binti yako amepata chanjo katika umri unaotakiwa hasa: Tanzania ilianza mwaka 2018 na wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ilianza kutoa dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14.

Swali: Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kando ya ziwa, wilaya ya Uvinza. Wanawake wengine hutufikia kwa boti. Tuna siki na mashine ya tiba joto. Tangu tuliposikia habari za p16, mwenzangu anaona tusimtibu yeyote mpaka kinyama chake kithibitishwe. Majibu huchukua wiki nyingi na baadhi ya wanawake hawarudi. Nimesoma pia kuhusu kupima p16 na Ki-67 kwa pamoja. Tufanyeje?

Jibu: Mwenzako anaogopa kumtibu asiyeumwa, na hofu hiyo ina msingi, kwa sababu siki huweupesha pia utando wenye uvimbe wa kawaida. Lakini pima hasara za pande zote mbili. Mwanamke aliyetibiwa kwa tiba joto bila kuhitaji amepata maumivu ya dakika chache na majimaji ya wiki kadhaa. Mwanamke mwenye CIN 3 aliyerudishwa kijijini kungoja karatasi, boti ikakosekana, msimu wa kilimo ukaingia, akaja tena baada ya miaka sita akitokwa damu, huyo mnaandika rufaa ya kwenda Bugando au Ocean Road. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kupima na kutibu bila kinyama, na hausemi popote kwamba p16 ni sharti la tiba. Mimi ningefuata huo bila kusita, katika mazingira yenu.

Kinyama mkichukue, na tiba joto msiitumie, pale doa linapoingia kwenye mfereji msione mwisho wake, au mlango wa kizazi unapovuja damu kwa kuguswa tu, au una kinundu, kidonda au mishipa isiyo ya kawaida. Hapo mnashuku saratani yenyewe, na kuichoma juu kwa juu ni kuificha.

Kuhusu Ki-67: ni protini inayoonekana katika kiini cha seli ambayo iko katika mgawanyiko, na hutoweka seli inapopumzika. Katika seli yenye afya p16 nyingi na Ki-67 haziwezi kukaa pamoja, kwa kuwa moja inasimamisha mgawanyiko na nyingine ni dalili kwamba mgawanyiko unaendelea. Seli moja ikionyesha zote mbili, kahawia kwa p16 na nyekundu kwa Ki-67, mfumo wake umevurugwa. Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hufanywa kwenye seli zilizochukuliwa kwa brashi, bila kinyama, na mtazamaji hahitaji kubishana kuhusu umbo la seli. Seli moja yenye rangi mbili inatosha kuhesabu chanya. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 2020 kwa wanawake waliokutwa na HPV, na Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwaka 2024. Kinahitaji maabara ya seli, vitendanishi vya bei na macho yaliyofunzwa. Kimepangwa kwa ajili ya kuchuja wanawake ambao tayari wamepimwa HPV. Ninyi wa siki hakiwasaidii leo, wala msione kwamba mnatoa huduma ya daraja la pili kwa kukikosa. Kuna pia kipimo cha ukanda, mithili ya kile cha malaria, kinachotafuta protini ya E6 yenyewe katika sampuli ya brashi. Kikionyesha chanya huwa na maana nzito, lakini huwakosa wengi wenye CIN 3, kwa hiyo jibu hasi halimwondolei mtu ulazima wa kukaguliwa.

Kwa wale wachache mtakaochukua kinyama, ubora wa p16 unaamuliwa hapo kituoni kabla ya maabara kukiona. Kitieni kwenye formalini ya asilimia 10 mara tu kinapotoka, si kwenye maji ya chumvi na si kwenye spiriti, na formalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikikauka kwenye pamba hata kwa nusu saa, pembe zake huungua na kushika rangi ya kahawia ya uongo. Kikikaa kwenye formalini kwa wiki kadhaa kikingoja usafiri, rangi inaweza kufifia na chanya ikasomwa hasi. Jitahidini kifike maabara ndani ya siku tatu, na ikishindikana andikeni kwenye fomu saa na tarehe kilipotumbukizwa ili mtaalamu ajue anachokiangalia. Kwenye fomu hiyohiyo wekeni umri, hali ya VVU, kama hedhi imekoma, na namba mbili za simu: ya mgonjwa, na ya mtu aliye naye karibu ambaye mgonjwa mwenyewe amekubali apigiwe, kwa maana simu za wakazi wa mwambao hukosa mtandao siku nyingi na majibu ya CIN 3 hayafai kulala kwenye droo.